Kabla ya kulala garini, jua moshi wake unaenda wapi

Wengi wetu tukisikia habari za ukaguzi wa magari, huwaza breki, taa na tairi. Huwaza pia ada, foleni na siku nzima ya kazi iliyopotea. Ni wachache mno wanaowaza mapafu. Ilhali mojawapo ya mambo ambayo mkaguzi anapaswa kuyatazama ni moshi unaotoka nyuma ya gari, na moshi huo hauihusu injini pekee. Unahusu damu yako, kifua cha mtoto wako na afya ya mama anayeuza maembe kando ya barabara.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa gari ambalo watu hulala ndani yake. Magari yaliyoundwa kama nyumba, yenye kitanda, jiko na friji, si mengi hapa kwetu. Hata hivyo, msomaji anayesafiri katika kaunti za Kitui na Makueni hakosi kuyaona. Yapo ya wageni wanaoelekea mbuga ya Tsavo kupitia Mtito Andei. Yapo ya familia za mjini zinazokwenda kupumzika katika vilima vya Chyulu, chemchemi za Umani karibu na Kibwezi au jiwe la Nzambani karibu na mji wa Kitui. Wapo pia wanaonunua matatu kuukuu, wakang'oa viti, wakaweka godoro na meko ya gesi, na kuanza safari.

Tena tusiwasahau madereva wa malori. Dereva na utingo wanaolala ndani ya kebini pale Emali, Makindu, Mtito Andei au Mwingi, nao pia wamo katika nyumba yenye injini. Haya yote yanawahusu.

MOSHI UNA NINI NDANI YAKE?

Petroli au dizeli ingeungua kikamilifu, kingebaki hasa mvuke wa maji na hewa ya kaboni dioksaidi. Lakini hakuna injini iunguzayo mafuta yake yote sawasawa. Vitu vingine vinavyotoka katika moshi huo ndivyo vinavyotudhuru, na tunaweza kuvigawa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi koo. Hutoka kwa wingi katika injini za petroli, hasa zikiwa baridi au zisiporekebishwa. Ukiivuta, huingia katika damu na kuishika himoglobini, ambayo ndiyo kazi yake kubeba oksijeni. Himoglobini huipenda kaboni monoksaidi zaidi ya mara 200 kuliko inavyoipenda oksijeni. Fikiria matatu iliyojaa abiria waliokataa kushuka: hata ipite vituo vingapi, abiria wapya hawapati nafasi. Ndivyo damu inavyozunguka mwilini bila kuufikishia moyo na ubongo oksijeni ya kutosha.

Fungu la pili ni chembechembe za masizi, ambazo hutoka hasa katika injini za dizeli. Zilizo ndogo zaidi zina upana wa mikromita 2.5 au chini ya hapo. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa takriban mara 30 ya chembe hizo. Kwa udogo wake, hazizuiwi na nywele za pua wala makohozi. Hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Madaktari wanazihusisha na maradhi ya moyo, kiharusi, pumu na saratani ya mapafu. Mwaka wa 2012, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli katika orodha ya vitu vinavyojulikana kwa hakika kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Tumbaku imo katika orodha hiyo hiyo.

Fungu la tatu ni hewa za naitrojeni na za salfa. Hizi ndizo zinazowasha macho na kubana kifua. Mwenye pumu huzihisi kabla ya mwenzake.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2019 uchafu wa hewa ya nje ulisababisha vifo vya mapema milioni 4.2 ulimwenguni. Si vyote vilivyotokana na magari, kwani kuna viwanda, moto wa misitu na moshi wa majumbani. Lakini kwa mtu anayeshinda kando ya barabara kuu, gari ndilo jirani wa karibu zaidi. Mwaka wa 2021 shirika hilo lilipunguza kiwango linachopendekeza cha chembe ndogo hewani kwa wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita moja ya ujazo. Maana yake ni kwamba wataalamu wamegundua madhara hata pale hewa ilipodhaniwa kuwa safi.

SHERIA INATAKA NINI?

Kenya ina sheria za kutosha kuhusu jambo hili. Kanuni zilizo chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, zinamtaka mwenye gari alitunze lisitoe moshi unaoweza kuepukwa. Kiwango cha Kenya cha ukaguzi wa magari, KS 1515 cha mwaka wa 2000, kinaeleza mambo ambayo gari linapaswa kutimiza, moshi ukiwamo. Kiwango hicho ndicho kilichoweka pia sharti kwamba gari lililotumika likiagizwa kutoka nje lisizidi umri wa miaka 8. Gari-nyumba halikupewa msamaha kwa sababu lina kitanda.

Kwa upande wa mazingira, kanuni za kudhibiti moshi wa mafuta zilitolewa mwaka wa 2006, na kanuni za ubora wa hewa zikafuata mwaka wa 2014. Zote zilitungwa chini ya sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999, ambayo inasimamiwa na halmashauri ya NEMA.

Zamani kazi ya ukaguzi ilikuwa chini ya kitengo cha polisi. Sheria ya mwaka wa 2012 iliunda mamlaka ya NTSA, ambayo ilichukua kazi hiyo. Magari ya abiria na ya biashara hutakiwa kukaguliwa kila mwaka. Basi ikiwa gari lako la kulala hukodishwa kwa watalii, lihesabu kuwa gari la biashara, na usingoje kukumbushwa barabarani.

Magari ya kibinafsi yalikuwa na hadithi nyingine. Kwa miaka mingi yalikaguliwa pale tu yalipoingia nchini, yalipopata ajali au yalipobadilishwa umbo. Mwaka wa 2025 wizara inayohusika na uchukuzi iliwapelekea wananchi mapendekezo ya kanuni mpya, ili hata magari ya kibinafsi yaliyozidi umri wa miaka 4 yaingie katika mpango wa ukaguzi. Kabla ya safari ndefu, uliza NTSA au tazama mtandao wa eCitizen ujue gari lako liko katika kundi gani.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulisahau. Ukigeuza matatu au gari la mizigo kuwa gari la kulala, umebadilisha aina ya bodi iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Mabadiliko hayo yanahitaji kibali, ukaguzi na kuandikwa upya. Huo si usumbufu wa bure. Fundi anapokata sakafu ili kupitisha bomba la maji, au kutoboa ubavu ili kuweka dirisha, anaweza pia kufungua njia ya moshi kuingia ndani. Jicho la pili ni muhimu.

Wenzetu wa nje nao wamelifikia jambo hili. Jijini London, eneo la kutoza magari yachafuayo hewa lilipanuliwa tarehe 29 Agosti 2023 hadi mitaa yote ya jiji, na magari ya kulala yasiyotimiza kiwango hutozwa kama magari mengine. Katika jimbo la California, Marekani, magari-nyumba ya dizeli yenye uzito wa zaidi ya pauni 14,000, yaani takriban kilo 6,350, yamewekwa katika mpango mmoja na malori wa kupimwa moshi. Hoja yao ni rahisi: pafu haliulizi kama moshi umetoka kwa mtalii au kwa mfanyabiashara.

MASHINE YA MKAGUZI INAPIMA NINI?

Kwa gari la petroli, kijiti chenye mpira huingizwa katika bomba la moshi injini ikinguruma polepole. Mashine husoma kiasi cha kaboni monoksaidi na cha mafuta yaliyotoka bila kuungua. Kwa gari la dizeli, mkaguzi hukanyaga mafuta gari likiwa limesimama, kisha mashine yenye mwanga hupima ni kiasi gani cha mwanga kinachozuiwa na moshi. Moshi ukiwa mzito, mwanga haupiti.

Elewa basi vipimo hivi vinasema nini na haviwezi kusema nini. Vinasema injini inaunguza mafuta vizuri au vibaya siku ile. Havisemi kama bomba la moshi lina ufa chini ya kitanda chako. Tena havisemi injini itakuwaje miezi 6 baadaye, baada ya kupita barabara za vumbi. Mwenye gari anayeazima tairi na nozeli nzuri kwa siku moja ya ukaguzi, kisha akazirudisha jioni, hakumdanganya mkaguzi. Amejidanganya mwenyewe pamoja na wale wanaolala nyuma yake.

SOMA RANGI YA MOSHI

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hata bila mashine unaweza kujua mengi kwa kutazama.

Moshi mweusi unaonyesha kwamba mafuta ni mengi kuliko hewa. Huenda kichungi cha hewa kimeziba, nozeli zimechakaa au pampu ya dizeli haikupimwa vizuri. Moshi wa samawati ni wa oili inayoungua kwa sababu ringi au sili za valvu zimekwisha. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto unaweza kuwa maji ya rejeta yanayoingia ndani ya injini, au dizeli inayotoka bila kuungua. Mvuke mchache asubuhi ya baridi si kitu cha kuogofya.

Lakini kumbuka kwamba kaboni monoksaidi haina rangi. Gari la petroli linaweza kutoa moshi usioonekana kabisa na bado likaua. Anayesema, "Gari langu halina moshi," mara nyingi anamaanisha halina moshi anaouona.

VUMBI, MILIMA NA MAFUTA

Kwa nini gari lililotoka Nairobi likiwa safi hurudi likitoa moshi mweusi? Sababu ya kwanza ni vumbi. Ingawa barabara ya kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui imetiwa lami, njia nyingi za ndani katika kaunti hizi mbili bado ni za udongo. Wakati wa kiangazi kichungi cha hewa hujaa upesi. Injini ikikosa hewa hutoa masizi na kula mafuta zaidi. Dereva wa mjini aliyezoea kubadilisha kichungi kwa kuhesabu kilomita pekee atachelewa. Safari moja ya wiki nzima katika vumbi yaweza kukimaliza.

Sababu ya pili ni milima na mizigo. Barabara ya Mombasa huanzia usawa wa bahari na kupanda hadi zaidi ya mita 1,600 inapofika Nairobi. Kadiri unavyopanda, hewa hupungua uzito, na injini ya dizeli isiyo na tabo hupata oksijeni kidogo kwa mafuta yale yale. Ongeza mzigo mzito na gia ndogo, na hiyo ndiyo sababu ya wingu jeusi unaloliona nyuma ya lori linalopanda. Gari-nyumba nalo lina uzito: kabati, tangi la maji, betri na mitungi ya gesi. Lisilazimishwe kubeba kupita kiasi kilichowekwa na mtengenezaji.

Sababu ya tatu ni mafuta yenyewe. Hapa pana habari njema. Wale waliokuwa wakiendesha magari miaka ya 1990 watakumbuka petroli ya risasi, ambayo ilidhuru akili za watoto. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzo wa mwaka wa 2006. Kisha Januari 2015 Kenya na jirani zake wa Afrika Mashariki walianza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika kila milioni, badala ya 500. Hata hivyo, tamaa haikuisha. Wapo waliozoea kuchanganya dizeli na mafuta ya taa, hata Serikali ikaweka ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mnamo Septemba 2018 ili kuzuia hila hiyo. Nunua mafuta katika kituo cha kuaminika, si katika mitungi ya kando ya njia, hata kama bei inavutia.

Kuna tatizo jingine ambalo tunajiletea wenyewe. Magari mengi ya petroli yaliyotoka Japani huja na kikopo cha chuma katika bomba la moshi, ambacho mafundi hukiita konveta. Kazi yake ni kugeuza kaboni monoksaidi na sumu nyingine kuwa hewa zisizodhuru sana. Ndani yake mna madini ya thamani, kwa hivyo wako wanaokiiba na wako wanaokiuza kwa hiari yao, wakidanganywa kwamba gari litapata nguvu. Ukikiondoa kwenye gari unalolala ndani yake, umeuza ngao yako.

KWA NINI GARI LA KULALA LINA HATARI ZAIDI?

Mtu aliye macho akianza kuumwa na kichwa atafungua dirisha. Aliyelala hafungui. Hiyo ndiyo tofauti kubwa.

Pale Mtito Andei, joto la usiku huwashawishi wengi kuacha injini ikinguruma ili wapate baridi ya kiyoyozi. Gari likiwa limesimama, moshi haupeperushwi na mwendo. Huzunguka chini ya gari na kuingia kupitia tundu la sakafu, raba ya mlango iliyochakaa au dirisha lililoachwa wazi kidogo. Malori yanapoegeshwa ubavu kwa ubavu, moshi wa jirani huwa wako pia. Hata uzime injini yako, ya mwenzako bado inafanya kazi.

Huko vilimani, hasa mwezi wa Julai, hatari hugeuka kuwa baridi. Watu hufunga madirisha yote na kuingiza jiko la makaa ndani ya gari. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayowahadaa wengi, kwani hutoa kaboni monoksaidi kwa wingi. Chumba cha gari ni kidogo kuliko jikoni lolote. Hakuna ukaguzi wa serikali unaoweza kumwokoa aliyefanya hivyo.

Jenereta nayo isidharauliwe. Tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani inaonya kwamba jenereta moja ya kubebeka yaweza kutoa kaboni monoksaidi sawa na mamia ya magari. Iweke mita 6 au zaidi kutoka kwa gari, na bomba lake lielekee mbali na watu. Usiiwashe ndani ya buti wala chini ya dirisha.

Na kuna desturi moja ya barabara zetu ambayo haihusu kulala, lakini madhara yake ni yale yale. Ni gari dogo linalobeba magunia ya ndengu au maembe huku mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba ukiwa wazi. Gari likienda hivyo, hewa iliyo nyuma yake huvutwa ndani, na moshi wa bomba huvutwa pamoja nayo. Mtoto aliyekalishwa nyuma karibu na mizigo ndiye anayeupokea kwanza.

DALILI NA HUDUMA YA KWANZA

Sumu hii huanza kwa kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Baadaye mtu huchanganyikiwa, hulegea miguu na kupoteza fahamu. Kwa kuwa dalili hizi hufanana na za malaria au za chakula kibovu, wengi humeza dawa na kurudi kulala katika hewa ile ile. Jiulize maswali mawili. Je, waliomo garini wote wameanza kuugua kwa wakati mmoja? Je, wanapata nafuu wakitoka nje? Ikiwa jibu ni ndiyo, shuku moshi.

Mtoe mgonjwa nje mara moja. Zima injini, jiko na jenereta, na ufungue milango yote. Usiingie na kukaa ndani ukitafuta mali. Ikiwa hapumui na unajua jinsi ya kumsaidia kupumua, anza papo hapo huku wengine wakitafuta usafiri. Maziwa hayaondoi sumu hii, kwani haiko tumboni. Dawa yake ni oksijeni. Kwa hewa ya kawaida, mwili huchukua saa 4 hadi 6 kuondoa nusu ya kaboni monoksaidi iliyo katika damu. Kwa oksijeni safi ya hospitalini, muda huo hupungua hadi saa 1 au saa 1 na nusu. Kwa hivyo kimbilia hospitali iliyo karibu, iwe ni ya Makindu, Wote, Mwingi au Kitui.

Ukifika, mwambie daktari waziwazi kwamba mgonjwa alikuwa ndani ya gari lenye moshi. Kile kifaa kidogo cha kubanwa kidoleni, ambacho wengi walikizoea siku za Korona, hakiwezi kutofautisha oksijeni na kaboni monoksaidi. Kinaweza kuonyesha asilimia 98 huku mgonjwa akizidi kuangamia. Mama mjamzito apelekwe hospitali hata kama anajihisi mzima, kwa maana sumu hukaa muda mrefu zaidi katika damu ya mtoto aliye tumboni.

FANYA HAYA KABLA YA SAFARI

Kwanza, mpe fundi kazi maalumu ya kuchunguza bomba la moshi kutoka injini hadi mwisho. Mlio wa kuvuja, kutu yenye matundu na alama nyeusi kwenye maungio ni dalili za ufa. Mdomo wa bomba upite nje ya ukingo wa gari, usiishie chini ya sakafu wala chini ya dirisha.

Pili, ziba matundu yote ya sakafu, hasa pale nyaya na mabomba ya maji yanapopita. Badilisha raba za milango.

Tatu, kagua kichungi cha hewa kabla ya kutoka mjini, na ubebe kingine ikiwa utapita barabara za vumbi. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kununua nozeli mpya.

Nne, weka king'ora cha kaboni monoksaidi karibu na mahali pa kulala, kwa urefu wa kichwa cha aliyelala, na ukijaribu kabla ya kila safari. Usikichanganye na king'ora cha gesi ya kupikia. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo king'ora chake huwekwa karibu na sakafu.

Tano, usilale injini ikiwa imewashwa. Penye joto, tafuta kivuli na upepo, na utumie wavu wa mbu madirishani. Penye baridi, ongeza blanketi. Meko ya gesi ni ya kupikia huku dirisha likiwa wazi. Si ya kuota moto.

Sita, unapoegesha, tazama jirani zako. Usiuelekeze mdomo wa bomba lako kwenye kibanda cha chakula, mahali wanapolala watu au meza ya muuza matunda. Zima injini ukingoja. Mama huyo wa Emali au Makindu hana kiyoyozi wala kioo cha kufunga. Wewe unapita kwa dakika 20, naye hushinda hapo kutwa, pengine na mtoto mgongoni, akipokea moshi wa kila gari linalosimama.

Msomaji, cheti cha ukaguzi ni kitu kizuri, na usikubali kukipata kwa njia ya mkato bila gari lako kufika mbele ya mashine. Lakini cheti hicho kinasema habari za siku moja. Siku nyingine zote za mwaka, mkaguzi ni wewe. Kabla hujazima taa usiku wa leo, shuka chini, zunguka gari lako, hakikisha hakuna kinachoungua ndani yake wala chini yake, kisha ufungue dirisha kidogo ndipo ulale.